Sura ya Tano: Kupunguza Mpaka Ibaki Pikipiki

Kafe-resa haijengwi kwa kuongeza vitu, hujengwa kwa kuvitoa. Keria ya nyuma inatoka. Kiti kirefu kinachopakia watu wawili na mtoto kinatoka. Vyuma vya kulinda miguu vinatoka, na makava ya plastiki ya pembeni yanatoka pamoja na stika zake zote. Kinachobaki ni injini, magurudumu mawili, tanki, kiti cha mtu mmoja chenye kinundu nyuma, na usukani ulioshushwa hadi mwendeshaji anainamia tanki. Ukiitazama kwa ubavu utaona mstari mmoja ulionyooka, kuanzia chini ya tanki hadi mwisho wa kiti. Mstari huo ukipinda, hata upake rangi ya dhahabu, kazi imeharibika.

Kwa kijana wa mtaa wa Hewa Bora, hapa Lubumbashi, mwenye mfuko mwembamba, hii ni habari njema, kwa sababu kutoa hakugharimu chochote zaidi ya jioni chache na spana mbili tatu. Mitindo mingine ya kurembesha pikipiki inadai taa za rangi, redio, rimu za kung'aa, vitu vya kununua. Huu unadai jicho na subira. Naamini kabisa kwamba mtu asiye na hela nyingi yuko karibu zaidi na roho ya pikipiki hii kuliko tajiri anayeinunua ikiwa imekamilika dukani Ulaya. Historia yake inaniunga mkono.

Mtindo ulizaliwa Uingereza katika miaka ya 1950, kwa vijana wa familia za wafanyakazi waliokutana kwenye mikahawa ya kando ya barabara kuu. Mkahawa uliovuma kuliko yote ni Ace Cafe, kwenye barabara ya North Circular jijini London. Ulifunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya madereva wa malori, ukapigwa mabomu wakati wa vita, ukajengwa upya mwaka 1949, ukafungwa mwaka 1969, na ukafunguliwa tena mwaka 2001. Ndoto ya vijana wale ilikuwa kufikisha maili 100 kwa saa, yaani kilomita 161, wakiwa juu ya pikipiki waliyoipunguza uzito kwa mikono yao.

Na pikipiki iliyoheshimiwa kuliko zote mbele ya mikahawa ile ilitokana na mabaki. Kampuni ya Norton ilikuwa na fremu bora, iliyoundwa na fundi wa Belfast, Rex McCandless, na kuingia mashindanoni mwaka 1950. Wakati huohuo kulikuwa na mbio za magari madogo ya injini ya cc 500, na waendeshaji wake waliitamani injini ya Norton. Kampuni haikutaka kuuza injini peke yake. Basi wakawa wananunua pikipiki nzima, wanachomoa injini na kuifunga kwenye gari, kisha fremu inabaki imelala pembeni haina kazi. Vijana wakazichukua fremu hizo kwa bei nafuu, wakazitia injini ya Triumph, na mseto huo ukaitwa Triton. Leo Triton ya zamani inauzwa kwa hela za kununulia gari. Mwanzo wake ni mtu aliyekiona chuma kilichoachwa na mwenzake, akajua la kukifanyia.

Lubumbashi ina vyuma vya namna hiyo kila kona. Tangu pikipiki za abiria zilipoenea, na waendeshaji wake tunaowaita manseba kuwa sehemu ya kila njia panda, mashine zinazochoka zimekuwa nyingi. Hazitupwi. Zinasimama nyuma ya nyumba, zinafanyiwa upasuaji, zinatoa plagi kwa huyu na kabureta kwa yule. Ndani ya kundi hilo ndimo utakamoipata yako.

Swali la kwanza ni aina gani. Barabarani kwetu utaona TVS na Bajaj Boxer za Wahindi, na utaona pikipiki za Kichina zenye majina mengi yanayobadilika kila meli inapotia nanga. Ushauri wangu ni uende kwa Mchina, na sababu ni injini. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 wahandisi wa Honda walitembelea nchi ambako pikipiki ni chombo cha kazi. Walikuta watu wanapakia kupita kiasi, oili haibadilishwi kwa wakati, mnyororo umekauka na kujaa vumbi. Honda ikaamua kurudi nyuma kwa makusudi. Badala ya kuiweka shafti ya kufungulia valvu juu ya silinda, ikiendeshwa na mnyororo mdogo unaohitaji kutunzwa, iliiweka chini, na kuzisukuma valvu kwa fito mbili za chuma. Ukawa mfumo wa kizamani, wenye vitu vichache vya kuharibika. Pikipiki hiyo ni CG125, yenye cc 124, pistoni ya kipenyo cha milimita 56.5 na mwendo wa milimita 49.5. Iliingia sokoni katikati ya miaka ya 1970, na baadaye viwanda vya China vikaiiga kwa mamilioni.

Maana yake kwako ni kwamba ringi, gasketi, fito, bamba za klachi na hata silinda nzima vinapatikana katika soko lolote lenye meza ya spea, viwe vimepitia bandari ya Dar es Salaam na mpaka wa Kasumbalesa au njia nyingine. Silinda ya milimita 62 kwenye mwendo uleule inakupa cc 149. Sura yake pia inafaa: taa ya mviringo, rimu za spoki, tanki lenye mabega ya duara. Boxer ni mashine imara sana, lakini kuinyoosha ile mistari yake kunataka kazi ya bati ambayo bajeti yetu haiwezi.

Chukua muda wa kutosha katika kuikagua, kwa sababu kosa la hapa halirekebishwi na rangi. Injini usiihofu sana. Ikitoa moshi wa samawati imekula ringi au mihuri ya valvu, na hiyo ni kazi ya siku moja. Ikigonga chini kwa sauti nzito, bearingi ya shafti kuu imekwisha. Punguza bei au ondoka. Kinachostahili hofu ni fremu. Pikipiki iliyobeba abiria na magunia ya makaa kwa miaka imepinda mahali fulani, hata kama mwenyewe hajui. Lala chini utazame shingo, pale bomba linapoungana na kikombe cha usukani. Futa uchafu kwa kitambaa chenye petroli. Ufa mwembamba hujificha chini ya rangi kama uzi wa kutu. Kisha simamisha pikipiki wima, funga uzi mrefu nyuma ya tairi la nyuma, uvute pande zote mbili hadi mbele. Nyuzi zikiligusa tairi la nyuma na kupita kwa nafasi iliyo sawa kushoto na kulia kwa tairi la mbele, fremu iko sawa. Nafasi zikitofautiana, kwanza angalia kama ekseli ya nyuma imekazwa ikiwa upande. Kama imekaa vizuri na tofauti bado ipo, nunua nyingine.

Na karatasi. Soma namba iliyogongwa kwenye shingo ya fremu uilinganishe na kadi, tarakimu kwa tarakimu. Pikipiki isiyo na karatasi ni rahisi leo, na kesho ni ya mwingine.

Tuseme umeipata, na juu ya bei yake umebakiwa na dola 300 za kuigeuza. Wengi huanza na kinachoonekana, yaani tanki, rangi, kiti. Mimi naomba uanze na kinachokusimamisha. Nusu ya hela ile iende kwenye matairi mawili mapya, viatu vya breki mbele na nyuma, waya mpya wa breki na wa klachi, bearingi za magurudumu, bushi za mkono wa nyuma, mnyororo na meno yake. Hakuna atakayezisifia bearingi zako mbele ya duka la simu. Lakini ukiinamia tanki huku uzito wako umesogea mbele, gurudumu la mbele linabeba zaidi kuliko zamani, na breki ya ngoma iliyochoka itakusaliti kwenye mteremko wa kwanza. Robo ya hela iende kwa mchomeleaji na mtu wa bati. Robo iliyobaki ni ya kiti, rangi, nyaya za umeme, na lile jambo ambalo hukulitarajia.

Vile vilivyotoka usivitupe. Keria, kiti kirefu, vyuma vya miguu na kava la mnyororo vina wateja palepale kwenye maegesho ya manseba, na vinaweza kulipa sehemu ya matairi.

Sasa fremu. Kazi hii ndiyo inayoogopesha, na inafaa kuogopwa. Sehemu ya nyuma ya fremu, inayoshika kiti, ni mabomba mawili yanayopita juu ya shokapu na kuishia kwenye taa. Kafe-resa hutaka mabomba hayo yakatwe yawe mafupi, kisha yaunganishwe na bomba lililopindwa nusu duara. Kanuni ni moja na haina ubishi: usikate mbele ya pale shokapu zinaposhikwa. Uzito wote wa mtu na kila shimo la barabara hupita kwenye masikio yale mawili. Acha angalau upana wa viganja viwili nyuma yake.

Kabla ya kukata, keti. Weka tofali chini ya kila gurudumu, mtu akushikie, uketi mahali utakapoketi, mikono kwenye usukani mpya, magoti kwenye tanki. Piga alama ya chaki nyuma ya makalio yako, kisha ongeza nafasi ya kinundu. Watu hukata kwa kufuata picha ya pikipiki ya mtu mwingine, mwenye kimo kingine, halafu wanaishia na kiti kinachowatosha watoto wao.

Fundi wa kuchomelea mchague kwa kazi zake, si kwa mdomo. Tazama mageti aliyoyatengeneza. Geti linachomelewa kwa chuma kinene na halibebi mtu kwa kasi ya kilomita 80. Bomba la fremu ni jembamba, na elektrodi nene ikishikwa na mkono wenye haraka hulitoboa. Mwombe atumie elektrodi ya milimita 2.5 au ndogo zaidi. Mwombe pia akate kipande cha bomba dogo linaloingia barabara ndani ya yale ya fremu, lizame sentimita nne au tano kila upande wa kiungo. Matundu mawili yatobolewe kwenye bomba la nje, yachomelewe yajae, ndipo kiungo chenyewe kichomelewe kuzunguka. Kiungo cha namna hiyo hakitegemei mshono peke yake. Ukimkuta mzee wa kazi, mwite papa, mweleze unataka nini kisha umwulize angeifanyaje yeye. Fundi aliyeulizwa hufanya kazi tofauti na aliyeamrishwa, na mara nyingi atakuonyesha njia ambayo hukuiwaza. Chomoa betri na kile kisanduku kidogo cha kuwashia cheche kabla ya mashine ya kuchomelea kuwashwa, la sivyo mkondo utapita ndani yake na utanunua kipya. Na kwa kuwa umeme wa mitaani hukatika bila taarifa, andaa vipande vyote, vikatwe na kupigwa tupa, visubiri.

Sikubaliani na wanaosema kazi hii haiwezekani bila mashine za kisasa. Huko Goma kuna chukudu, chombo cha mbao cha magurudumu mawili kinachobeba mamia ya kilo za viazi na makaa kutoka milimani, kinachochongwa kwa panga na patasi. Mji ulikionea fahari na kukijengea sanamu kwenye mzunguko wa barabara. Watu walioweza kuliamini gurudumu la mti kwa uzito ule juu ya mawe ya volkano hawahitaji kufundishwa kwamba kipimo kizuri na mkono mtulivu vinatosha.

Kiti na kinundu ndipo Lubumbashi inapoishinda London. Sehemu nyingine mtu ananunua kinundu cha plastiki kutoka ng'ambo, nauli yake ikizidi bei. Sisi tuna watu wanaogonga mbabula, yaani majiko ya makaa. Fundi wa mbabula huchukua bati la pipa la mafuta na, kwa nyundo na kipande cha reli, hulifanya liwe duara, koni, kuta zenye mikunjo isiyo na mshono. Kinundu cha kafe-resa kwake ni jambo dogo. Mpelekee umbo la karatasi ngumu ulilolikata na kulijaribu juu ya fremu yako. Bati la pipa lina unene wa milimita moja hivi, linatosha kushika umbo bila kuongeza uzito. Osha pipa vizuri na ulijaze maji kabla ya kulikata, maana mvuke wa mafuta yaliyobaki unaweza kulipuka kwa cheche moja. Kitako cha kiti ni bati hilohilo au ubao wa plaiwudi, sponji ngumu ya kiti cha gari, na skai inayoshonwa na fundi wa makochi. Sponji isizidi vidole vitatu, ule mstari wako usije ukavimba.

Wengine wataniona nazidisha, lakini nasema kinundu cha pikipiki ya Lubumbashi kifunikwe kwa shaba. Ardhi hii ilijulikana kwa shaba kabla ya reli kufika. Wayeyushaji wa zamani walimimina shaba katika umbo la msalaba, na misalaba ile ikatumika kama fedha katika biashara ya mbali. Kampuni ya migodi ya Union Minière iliundwa mwaka 1906, tanuri la Lubumbashi likaanza kuyeyusha mwaka 1911, na jiji lote likakua chini ya bomba lake la moshi. Shaba yetu imezunguka dunia ndani ya nyaya na mota za watu wengine. Kidogo chake kibaki kwenye kiti cha kijana wa hapa. Mafundi wanaogonga picha kwenye mabamba ya shaba, zile zinazonunuliwa na wageni kama zawadi, wanaijua tabia yake: ukiigonga inakuwa ngumu, na ukiendelea bila kuipumzisha inapasuka. Huipasha moto hadi ianze kuiva, huipoza, na inarudi kuwa laini kama mwanzo. Kamwe usitumie shaba mahali panapobeba uzito; ni vazi tu juu ya bati. Inunue kwa fundi wa mabamba. Nyaya zilizochunwa zinazouzwa gizani zimeiacha familia fulani bila umeme.

Usukani hauhitaji sura ndefu. Zile hendeli mbili fupi zinazofungwa moja moja kwenye fito za shokapu za mbele ni nzuri na ni ghali. Usukani wako wa zamani ukigeuzwa juu chini hukupa karibu mkao uleule bure. Geuza, kisha zungusha kushoto hadi mwisho na kulia hadi mwisho: vidole visibanwe na tanki, na nyaya zisivutike hadi injini ijiongezee mwendo yenyewe. Vikanyagio vya mguu virudi nyuma kidogo, lakini uangalie. Katika pikipiki nyingi ndogo kikanyagio cha abiria kimefungwa kwenye mkono wa nyuma unaopanda na kushuka pamoja na gurudumu. Ukiweka breki na giya hapo, kila shimo litakukanyagia breki. Vifunge kwenye fremu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo mafundi wa Ulaya wanaliandika kinyume na ninavyoamini mimi. Karibu kila kafe-resa utakayoiona pichani imeondolewa sanduku la hewa, na mdomo wa kabureta umevishwa kichujio kidogo cha koni. Inapendeza, na pembetatu iliyo chini ya kiti inabaki wazi hadi unaona upande wa pili. Hewa Bora si mahali pake. Kuanzia Mei hadi Oktoba vumbi jekundu linatembea hewani mchana kutwa, na kila lori linalopita linalinyanyua upya. Ndani ya vumbi hilo kuna chembe za mchanga zilizo ngumu kuliko chuma cha silinda. Koni ya bei rahisi huzipitisha, nazo husugua ringi kama msasa hadi pikipiki inaanza kunywa oili kabla ya mvua za kwanza. Sanduku la hewa libaki. Likikuudhi, lipake rangi nyeusi na ulisogeze ndani, au umwombe mtu wa bati akuundie dogo linaloshika kichujio cha sponji kilicholowanishwa oili. Kioshe kila wiki wakati wa kiangazi. Pembetatu iliyo wazi haina thamani ya silinda.

Kabureta nayo ina lake. Jiji letu liko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na hewa hapa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa takriban asilimia 11. Kabureta iliyopangwa kiwandani kwa ajili ya nchi ya chini itamwaga petroli nyingi kupita hewa inayoingia: moshi mweusi, harufu kali, nguvu pungufu. Chomoa plagi baada ya mwendo wa dakika kumi. Masizi meusi makavu yanasema petroli imezidi; shusha sindano ya kabureta daraja moja au tafuta jeti ndogo kidogo. Rangi ya kahawia ya biskuti ndiyo unayoitaka. Plagi ikiwa nyeupe, hewa imezidi na pistoni iko hatarini, hasa kama pia umefungua eksozi. Kuhusu eksozi, hakuna nguvu utakayoipata kwa kuipasua ikapiga kelele. Majirani wana watoto wachanga.

Ukweli mmoja usikuvunje moyo. CG125 ikiwa mpya ilikuwa na nguvu za farasi 11 hivi, na mwinuko wetu unachukua sehemu yake. Hutafika kilomita 161 kwa saa. Utakachopata ni wepesi. Pikipiki ya kilo 100 na kitu, ukiitoa kilo kumi au kumi na mbili za vyuma visivyo na kazi, inaondoka mapema, inasimama mapema, inageuka kabla hujamaliza kufikiri. Ukiongeza jino moja kwenye sproketi ya mbele injini inatulia kwenye lami. Gharama ni ndogo, na sproketi ya zamani inarudishwa kwa robo saa ukihama barabara.

Matope ya Novemba hadi Aprili nayo yana haki yake ya kusikilizwa. Madigadi ya mbele yasiondolewe, yafupishwe tu. Ya nyuma yaweke ndani ya duara la fremu, la sivyo shati lako litakuwa na mstari mwekundu mgongoni msimu mzima.

Rangi ni yako. Waendeshaji wa London walipenda miraba myeusi na myeupe, na hapa miraba hiyo ina mwenyewe: itasomwa kama timu yetu ya mpira, TP Mazembe, hata usipokusudia. Inanifurahisha kwamba historia hizo mbili zinafanana. Mazembe ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenedikto wa shule ya Saint-Boniface, waliotaka vijana wao wawe na jambo la maana la kufanya. Na jijini London, klabu ya vijana iliyoanzishwa kanisani mwaka 1959, ikaitwa 59 Club, ilifungua milango kwa waendeshaji pikipiki mwaka 1962 kupitia padri wa Kianglikana, Bill Shergold. Wakati huo magazeti yaliwaita vijana hao wahuni. Yeye aliwapa chumba, chai na mahali pa kuegesha. Sijui kwa nini parokia zetu zisifanye vivyo hivyo: kona moja ya ua, bamba la kukatia, jiko la mafuta la kupashia chuma.

Sheria ya barabarani nchini ni ya tarehe 30 Agosti 1978, na polisi wa njia panda hawahitaji kuisoma yote ili kukusimamisha. Taa ya mbele, taa ya breki, kioo, honi na namba inayosomeka vibaki. Hivi vitu vitano ni vyepesi na haviharibu mstari.

Limebaki lile linalogharimu kuliko vyote. Kiti cha abiria. Mjini London kijana alikuwa na mshahara wa kiwandani, na pikipiki ilikuwa starehe yake. Hapa pikipiki inalisha nyumba. Siku unapokata fremu na kufunga kiti cha mtu mmoja, umeuza kazi. Kwa hiyo sitamshauri mtu yeyote aigeuze pikipiki inayoingiza hela ya kila siku. Achukue iliyokwisha kusimama. Na kama anayo moja tu na moyo umekataa kutulia, kuna njia. Fremu isikatwe kabisa. Mabomba ya nyuma yabaki marefu, na bomba la nusu duara lifungwe mwishoni kwa boliti, mchomeleaji asiliguse. Kinundu, kiti na kava lake viundwe kuwa kipande kimoja kinachokaa juu ya fremu kwa boliti nne za milimita 8, mbili chini ya tanki na mbili karibu na masikio ya shokapu. Kiti kirefu cha zamani kipewe matundu yaleyale manne. Vikanyagio vya abiria vibaki mahali pake, vikikunjwa. Usukani uliogeuzwa unarudishwa kwa boliti nne nyingine, mradi nyaya ziachwe na urefu wa kutosha kwa mikao yote miwili. Mstari hautanyooka kama wa ile iliyokatwa; nyuma utabaki mrefu kwa kiganja kimoja, na jicho kali litaona. Lakini Jumamosi usiku mtu mwenye spana namba 12 na 13 anabadilisha kwa muda wa kuchemsha maharage, na Jumatatu alfajiri inarudi kwenye maegesho ikiwa na kiti chake kirefu. Boliti hizo zitumie nati zenye plastiki ndani, zisijilegeze kwa mtikisiko, na uzikague kila unapobadilisha. Baada ya kilomita 50 za kwanza kaza upya zote, pamoja na spoki.